Rasimu ya leseni za reptilia: jike akitaga bila dume, mimi ni mzalishaji?

jike_pekee
Wakuu habari za saa hizi. Jana usiku nimeisoma ile rasimu ya leseni za kufuga na kuzalisha reptilia, nikarudia mara mbili maana lugha yake ni ya wanasheria. Kwa kifupi leseni ziko mbili, ya kufuga tu na ya kuzalisha, na hii ya pili ndo yenye ukaguzi na daftari la kila yai na ada kubwa. Naomba mjue kabisa mimi sipingi leseni, msije mkanirukia.

Kinachonisumbua ni tafsiri yao ya mzalishaji, wameandika ni mtu yeyote ambaye mnyama wake ametaga au kuzaa. Basi, imeishia hapo. Hakuna idadi, hakuna kama unauza au huuzi, hakuna kama ulipanga au ilitokea tu.

Sasa mi nina Python regius jike, wale chatu wadogo wa kujikunja kama mpira, yuko peke yake tangu akiwa mdogo, dume hajawahi kumwona hata kwa mbali. Mwaka jana kataga mayai matano. Manne yalikuwa ya njano magumu kama nta, ya kutupa, la tano nikalimulika na tochi nikaona mishipa myekundu mle ndani, nikaishiwa nguvu. Sijapandisha, sijauza, sikutaka. Kwa rasimu hii mimi ni mzalishaji au? Na tulio na wanyama tayari kabla ya sheria inakuwaje? Mwisho wa kupeleka maoni ni wiki mbili.

jirani_mwoga
Mi naona leseni isainiwe na majirani kwanza.

gamba_gumu
Hizi ni njama za kutumaliza wafugaji wadogo, period. Mwenye majike 200 waliopangwa kwenye madroo ya plastiki kama kiwanda, ada kwake ni chenji, mwenye wawili ndo ataumia. Na watu hawataacha kufuga, watajificha tu, halafu mnyama akiumwa hapelekwi kwa daktari kwa kuogopa kukamatwa. Nani kafaidika hapo??

mzee_kobe
gamba_gumu kijana wangu punguza moto, usemacho kina ukweli lakini nusu. Kujificha ni kweli kunatokea, tena kunatokea zaidi pale wanapokataza kila kitu. Norway walipiga marufuku reptilia karibu wote miaka na miaka, watu wakafuga kwa siri, mpaka 2017 ndo wakafungua na wakatoa orodha ya spishi 19 unazoruhusiwa. Orodha ni fupi lakini angalau mtu anajua asimame wapi. Uingereza wao wanaangalia hatari, sheria yao ya wanyama hatari ya 1976 inataka leseni kwa nyoka wa sumu na mamba, unakata bima, daktari wa mifugo anakuja kuangalia unavyomfungia, lakini chatu hayumo kwenye orodha ile wala geko, wale mijusi wadogo. Kwa hiyo tusiseme leseni ni leseni tu, inategemea inamlinda nani. Kuna ya kulinda watu wasiumwe, kuna ya kulinda mnyama asiteswe, kuna ya kulinda pori lisivamiwe. Rasimu hii nimeisoma na mimi, wamezichanganya zote kwenye sufuria moja na ndo maana inamkamata jike_pekee wakati mwenye majike 200 anapita na daftari lake safi kabisa.

Kuhusu mayai, dada au kaka jike_pekee, wewe si wa kwanza. Chatu wanataga bila dume, tena hata akiwahi kukutana na dume anaweza kutunza mbegu muda mrefu kabla ya kuzitumia. 2020 kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis kule Marekani jike wa aina hiyohiyo ya kwako, umri zaidi ya miaka 60, alitaga mayai 7 na alikuwa hajakaribiana na dume kwa miaka isiyopungua 15. Bibi kizee yule naye tumpe leseni ya kuzalisha? Waandikie mfano huo, ni rahisi kueleweka kuliko maneno mengi.

Na hao walionao tayari, hapo usikubali kimya. Florida kule Marekani walipozuia tegu (mijusi wakubwa wa Amerika Kusini) na iguana wa kijani 2021, waliokuwa tayari wanawafuga nyumbani walipewa nafasi ya kuomba kibali bila malipo, sharti mnyama awekewe maikrochipu, kile kidude cha utambulisho chini ya ngozi. Umoja wa Ulaya nao, kobe wa maji mwenye mistari myekundu masikioni yumo kwenye orodha yao ya wavamizi tangu 2016, lakini aliyekuwa naye kabla anaruhusiwa kukaa naye mpaka afe mwenyewe, ilimradi asizaliane na asitoroke. Bila kipengele kama hicho unajua kitakachotokea, usiku wa kuamkia sheria kuanza watu watakwenda kuwamwaga mtoni. Mi nimeshaokota kobe wawili hivyo na hapo hakukuwa na sheria yoyote, walichokwa tu.

taa_ya_uvb
Mi nafanya kazi na daktari wa wanyama, nafungua mlango, nashika miguu, naandika kadi. Wengi tunaopokea hawatoki kwa wazalishaji kabisa, ni kinyonga na wale mijusi wa Australia wenye ndevu za miiba, mifupa imelainika, taya kama mpira, na mwenyewe anakwambia taa ninayo. Unamuuliza umeibadilisha lini anasema mbona bado inawaka. Inawaka ndio lakini UVB, ile mionzi inayomsaidia mnyama kujenga mifupa, imeshaisha humo zamani! Kwa hiyo binafsi leseni ya kufuga tu, hii wanayoiona ndogo, mi ningeiwekea maswali matano sita ya kawaida, taa, joto, termostati (kidhibiti joto), anakula nini, atakuwa mkubwa kiasi gani. Mtu akishindwa arudi wiki ijayo. Sio ada, maswali.

Halafu ukaguzi, jamani, mkaguzi awe anajua. Tulishawahi kuletewa jike mayai yamemkwama, alikuwa amehangaishwa wiki nzima na wageni wa kuja kumshikashika. Akija mkaguzi wa mbwa na kumwamuru mtu amwinue chatu anayeatamia, hapo kanuni ndo inatesa mnyama.

gamba_gumu
Sawa mzee nimekuelewa. Ila niulize, wale wanaozalisha chatu wa rangi ya spaida, ambao vichwa vyao vinatikisika mpaka wanakosa windo, hao mbona rasimu haijawagusa hata mstari? Gene yenyewe ndo inaleta kutikisika, haitenganishiki na rangi, na kila mzalishaji anajua. Daftari watajaza vizuri tu.

mzee_kobe
Hapo umesema. Andika hilo, peke yake, usichanganye na njama.

jike_pekee
Asanteni sana, mzee shikamoo. Nimeandika hivi nione mnasemaje: "Mzalishaji ni mtu anayepandisha wanyama kwa makusudi, au anayetotolesha mayai, au anayeuza au kugawa watoto. Mayai yaliyotagwa bila kukusudia na kugandishwa kwenye friji ndani ya siku chache ili yasitotolewe hayahesabiki." Halafu chini naweka kipengele cha waliopo na mfano wa yule bibi.

taa_ya_uvb
Kugawa toa, au weka idadi. Nikimpa dada yangu geko mmoja nitakuwa mzalishaji tena, tumerudi kulekule. Na lile yai la tano uliligandisha??

jike_pekee
…hapana. Yuko hapa, ana miezi saba, anakula vizuri.

jirani_mwoga
Nilijua tu. Nyumba namba ngapi vile?