Mkanda wa jeshi umepona, maumivu hayaishi: vibandiko vya ganzi au vidonge?

MwanaLikoni: Mamangu, miaka 71. Malengelenge yalikauka kitambo na ngozi imefunga, lakini ubavu bado unamchoma. Leso ikimgusa tu anaruka. Daktari katupa njia mbili: vidonge vya amitriptilini vya usiku au vibandiko vya lidokeini, dawa ya ganzi, vya asilimia 5. Vibandiko ni ghali mno. Waliotumia, vipi?

NesiTudor: Pole kwa kuuguza. Maumivu yakipita miezi 3 baada ya vipele, tatizo si ngozi tena, ni mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na kirusi kilekile cha tetekuwanga. Ndiyo maana panadoli haifui dafu. Kwa mzee, mimi ningeanza na kibandiko: dawa hufanya kazi palepale, inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Amitriptilini huleta kizunguzungu, naye akiamka usiku kwenda msalani aweza kuanguka. Kama ana ugonjwa wa moyo au presha ya macho, mwambieni daktari kabla hajaimeza.

Salimu_Mvita: Bei nayo ni dawa, jamani. Babangu alianza amitriptilini miligramu 10, akalala vizuri. Mdomo mkavu tu.

BiMakadara: Mie nimetumia gabapentini, dawa nyingine ya maumivu ya mishipa, nikawa nalewalewa mchana kutwa. Kibandiko kilinirudishia kuvaa nguo. Si kupona, ni nafuu. Taabu ni joto letu hili: jasho likitoka, kingo zabanduka. Naoga, najikausha sawasawa, sipaki mafuta ya nazi hapo, ndipo nabandika.

MwanaLikoni: Ahsante, bi. Akikaa nacho kutwa kucha?

NesiTudor: Hapana! Muda wa saa 12 tu, kisha saa 12 nyingine ngozi ipumzike. Visizidi 3 kwa pamoja. Chakatwa kwa mkasi kabla ya kubandua karatasi ya nyuma, basi eneo dogo halihitaji kizima, na hapo gharama yapungua. Penye kidonda kisiguse. Msimkande kwa maji moto juu yake, joto huongeza dawa inayoingia mwilini. Kilichotumika bado kina dawa nyingi: kikunjeni, mtupe mbali na watoto. Wiki 4 zikipita bila nafuu, acheni, mrudi kwa daktari.

MwanaLikoni: Nimemuuliza mwenyewe. Ataka saa zake 12 ziwe za usiku, apate usingizi.

BiMakadara: Basi mbandikie baada ya isha, feni ikiwa imeshamkausha.