Picha za walemavu kwenye michango: tunasaidiwa au tunauzwa?

Wakuu, jana kwenye grupu la mtaa imetumwa posta ya kuchangia viti mwendo, mtoto kakaa chini vumbini, kamasi zinamtoka, shati limechanika, juu yake imeandikwa MUOKOENI. Nikauliza kwanini asingevalishwa vizuri kwanza, nikajibiwa akionekana msafi watu hawatoi. Naomba tujadili hilo jibu, maana mimi nimewahi kuwa huyo mtoto.

Mguu wangu wa kushoto ulipooza kwa polio. Nikiwa darasa la nne walikuja wageni shuleni na kamera, siku hiyo mama kanipigia pasi sare na viatu vimepakwa kiwi, mpiga picha akasema nivue viatu, magongo niyaweke pembeni, nitambae. Tangu nipewe magongo nilikuwa sitambai tena! Nikatambaa. Kalenda yao ya kuombea michango ilipokuja, picha yangu ilikuwa mwezi wa nane, mama akaitazama, akaikunja akaiweka chini ya godoro, hatukuizungumzia mpaka leo. Na sikatai, hela zilipatikana, bweni likajengewa vyoo.

Huu ugomvi wenzetu waliupigana zamani. Marekani mchekeshaji Jerry Lewis aliongoza kipindi cha TV cha kuchangia wagonjwa wa misuli kila mwaka kuanzia 1966 mpaka 2010, hela zikaingia nyingi sana, ila 1990 akaandika kwamba yeye angekuwa na huo ugonjwa angejifunza kuwa nusu mtu, na kati ya walioandamana kumpinga walikuwemo watu wazima ambao utotoni sura zao ndizo zilitumika kwenye michango hiyo hiyo. Uingereza nako 1992 wenye ulemavu walijaa nje ya studio za kituo chao cha TV cha ITV, London, kupinga Telethon, kipindi chao cha michango, fulana zao zimeandikwa huruma yenu tunaikojolea. ITV hawakuirudia tena.

Najua kuna atakayesema mzazi anayembeba mtoto wa miaka kumi mgongoni hana muda wa haya, anataka kiti leo. Kweli kabisa, na mimi nitachanga. Lakini ile picha haibaki kwenye posta, inaingia kichwani kwa watu na inakaa huko. Nilipomaliza chuo nikaenda kuomba kazi sehemu, nimevaa tai, bahasha ya vyeti mkononi, mlinzi getini hata hakuniuliza shida yangu akanipa mia tano. Hakuwa na ubaya yule mzee, alikuwa anafanya alichofundishwa na makalenda. Sheria yetu Tanzania ya watu wenye ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi asilimia 3 wawe wenye ulemavu, sasa niambieni hiyo asilimia itapatikanaje wakati getini tu nishapewa sadaka?

Mbona kwenye karakana za Bombolulu pale Mombasa tangu 1969 wenye ulemavu wanatengeneza vito na mikoba, mgeni anatoa hela yake anaondoka na bidhaa, hakuna aliyelazwa vumbini.

Waliowahi kutengeneza hizi posta naomba mseme ukweli, mzazi mlimwonyesha picha kabla ya kuirusha? Mama wa yule mtoto wa jana yumo kwenye grupu lile lile, ameiona, na mpaka saa hizi hajaandika kitu.