Mrejesho: Kufuatilia vifaa vya hospitali, tumechukua Bluetooth

Wakuu, niliuliza hapa: hospitali yetu ya ghorofa mbili inahangaika kutafuta pampu za dripu, mashine za oksijeni na viti vya magurudumu. Tutumie RFID (tagi, yaani vibandiko vinavyosomwa kwa redio), Bluetooth au UWB (redio ya bendi pana sana) ili tuone kifaa kilipo muda huohuo? Ahsanteni sana kwa michango.

UWB ilinivutia kweli. Inapima muda wa mawimbi kusafiri, na redio huenda kama sentimita 30 kwa nanosekunde moja, hivyo hukosea sentimita 10 hadi 30 tu. Ila gharama ilituzidi. RFID isiyo na betri ni nafuu, lakini tagi husomwa ikipita karibu na kisomaji. Ikishatoka hapo huioni tena.

Swali la mdau mmoja ndilo lililoamua: nesi anataka kujua sentimita, au chumba? Chumba. Basi tukachukua Bluetooth: tagi za betri ndogo ya duara (CR2032), kipokezi kimoja kila chumba, na kifaa huhesabiwa kiko kwenye chumba ambacho kipokezi chake kinapata mawimbi yenye nguvu zaidi. Shida ikaja wodini saa za kuona wagonjwa. Watu wakijaa, nguvu ya mawimbi inashuka, maana maji ya mwilini hunyonya masafa ya gigahetsi 2.4, na pampu inaonekana iko chumba cha jirani. Tumepandisha vipokezi hadi darini na tunachukua wastani wa sekunde kadhaa. Kurukaruka kumepungua sana.

Vyumba vilivyotenganishwa na jipsamu bado vinachanganyana. Aliyewahi kufunga Bluetooth 5.1 inayopima pembe ya mawimbi, naomba uzoefu wake.