Mjadala: Mlanguzi wa tiketi za muziki anamhudumia nani?

Mleta mada:
Wakuu, naleta hili tulijadili: kuuza tena tiketi ya muziki kwa bei inayozidi ile ya mwanzo kupigwe marufuku, au tuache soko liamue? Mimi nasema marufuku.

Naishi Manchester. Jumamosi ya 31 Agosti 2024, tiketi za bendi ya Oasis, waliokuwa wametengana miaka 15, zilianza kuuzwa mtandaoni. Dada ninayefanya naye kazi aliegemeza simu kwenye birika la chai, kila akipita anachungulia namba yake ya foleni. Zamu yake ilipofika, tiketi ya kusimama iliyotangazwa pauni 148 ikasoma 355, maana za kusimama ziliuzwa kwa bei mbili, na za bei ya chini zilipokwisha bei ikaruka. Akazima simu, akarudi kazini. Walanguzi nao wakawa wameanika zao kwa maelfu ya pauni.

Mchangiaji:
Mkuu, biashara ni maelewano. Mimi naweka hela yangu mapema, na tamasha likidoda hasara ni yangu peke yangu. Halafu mkiweka kikomo cha bei, mauzo yatahamia vichochoroni, na huko ndiko ziliko tiketi feki.

Mleta mada:
Hoja ya tiketi feki ni nzito, siipuuzi. Lakini kwenye biashara hapo tusichanganye mambo. Mlanguzi wa vitunguu anavitoa Mang'ola anavifikisha Dar es Salaam: gari lake, mafuta yake, na vingine vinamwozea njiani. Tiketi haisogei. Nafasi ni ileile, mwanamuziki ni yuleyule, wewe umejipachika tu katikati yake na shabiki. Tena wakubwa wenu hata foleni hawapangi, wana programu za kompyuta zinazokomba tiketi kwa mkupuo. Marekani ilizipiga marufuku kwa sheria ya 2016, na bado Novemba 2022, tiketi za awali za mwanamuziki Taylor Swift zilipofunguliwa, kampuni ya kuuza tiketi ya Ticketmaster walipokea maombi bilioni 3.5, ya roboti na ya watu, wakaishia kufuta mauzo ya wazi. Kinachotakiwa ni kuikata faida yenyewe. Ayalandi walishatunga sheria hiyo 2021.

Mchangiaji mwingine:
Na aliyefiwa siku ya tamasha? Tiketi imlalie mkononi?

Mleta mada:
Hapana ndugu yangu, aiuze kwa bei aliyonunulia. Bendi ya The Cure walifanya hivyo Marekani mwaka 2023: tiketi nyingine ziliuzwa dola 20 tu, mashabiki wakaachiana kwa bei ileile. Waliwekewa kigingi New York, Illinois na Colorado, ambako sheria ilimlinda anayeuza tena.

Na nimjibu yule ndugu wa hasara. Julai 2025 Oasis walipopiga hapa Heaton Park, watu walijaa kwenye kilima nje ya uzio kusikiliza. Nilikwenda na yule dada. Aliimba kila wimbo hadi sauti ikakauka, akiwa amekalia koti lake kwenye nyasi.