MJADALA: Eti bila jarida la nje huhitimu PhD ya sosholojia? Mimi napinga

Mtoa mada, Kampala
Wadau tuongee hili bila kuoneana haya. Kuna idara hapa Uganda zinamwambia mwanafunzi wa PhD asahau joho mpaka makala yake ikubaliwe na jarida, na sio jarida lolote, wanataka la Marekani au Uingereza. Napinga, na sio uvivu.

Kwanza muda. Unatuma, na mhariri asipokurudishia juu kwa juu anaanza kutafuta wahakiki, yaani wasomi wenzako wa kuipima makala, wa kwanza hajibu imeli, wa pili anakubali halafu anapotea, na hawalipwi hata senti so huwezi kuwafokea, miezi sita imekatika hivi hivi. Jibu likija zuri ni "rekebisha utume tena", ambayo bado sio kukubaliwa, inarudi kwa wahakiki upya. Na huruhusiwi kutuma majarida mawili kwa mpigo, kwa hiyo ukikataliwa unaanza moja kwingine. Skolashipu yenyewe ilishaisha na karo inadaiwa, banange.

Pili maswali yao. Mimi nimeandika juu ya steji za boda hapa Kampala, mwenyekiti wa steji anaamua vipi nani aingie na nani afukuzwe, pesa ya kuingia inakwenda wapi. Mhakiki kaniandikia kwamba data ni nzuri ila inamhusu nini msomaji asiyeijua Uganda. Haya, Burgess, mwanasosholojia wa Marekani, mwaka 1925 alichora miduara yake ya jinsi mji unavyokua kutoka katikati kwenda nje akitazama Chicago peke yake, na mpaka leo tunafundishwa. Mtu wa Chicago huko anaandika mtaa mmoja inaitwa nadharia, mimi naandika mji mzima inaitwa kesi, yaani mfano mmoja tu.

Na ya kwetu yapo jamani. Taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere ipo tangu 1948, CODESRIA, lile baraza la utafiti wa jamii Afrika lililoko Dakar, lina jarida la African Sociological Review, AJOL inaweka majarida ya Afrika mtandaoni tangu 1998. Kwa nini hayo yahesabiwe kama nusu?

Mwalimu, Mbarara
Ndugu yangu, umemtaja Burgess ukasahau kilichompata. Wasomi wenzake wa miji walimjia, Hoyt alimpinga 1939, Harris na Ullman wakampinga tena 1945, na walimpinga kwa swali lile lile la mhakiki wako, kwamba hii inafaa nje ya Chicago au haifai? Kwa hiyo jibu swali. Steji ya boda ina mengi ya kumfundisha mtu wa Jakarta au Lagos kuhusu nani anatawala barabara serikali ikiwa mbali, lakini lazima useme wewe, mhakiki hatakusemea.

Kwenye muda nakuunga mkono kidogo. Ila majarida ya kwetu nayo usiyapambe, mengine toleo linachelewa mpaka mhariri mwenyewe keshahamia NGO.

Mdau, Gulu
Mnaongea falsafa, mimi naona hatari ya mlangoni. Ukimbana mtoto wa watu na sharti na tarehe ya mwisho, anakimbilia yale majarida ya imeli, "mheshimiwa profesa tunakuomba makala," unalipa, wiki moja umekubaliwa. Hakuna aliyesoma. Ile orodha ya Jeffrey Beall, mkutubi wa Marekani, iliyokuwa inatutajia wachapishaji wa hivyo ilifungwa 2017, sasa kila mtu na macho yake.

Na wengi hawaambiwi hili, majarida mengi ya sosholojia ya kulipiwa na maktaba hayamtozi mwandishi ada ya kuchapisha, zile dola 2,000 na 3,000 ni ukitaka isomwe bure na dunia. Hata hapo wachapishaji wakubwa wengi wanasamehe nchi za kipato cha chini na Uganda tumo, lakini uulize mapema kabla hujasaini kitu. Supavaiza wangapi wanamwambia mwanafunzi?

Mwanafunzi, Arua
Mimi shida yangu ni huo upofu wa pande mbili, ati mhakiki hakujui na wewe humjui. Utafiti wa kambi za wakimbizi West Nile tunaoufanya ni wachache, ukitaja kambi na mwaka na kamati ya maadili iliyokupa kibali umeshajulikana.

Mwalimu, Mbarara
Hilo lina dawa dada, jina la kamati na namba ya kibali unaviweka kwenye ukurasa wa kichwa ambao mhakiki haoni. Na usiandike "kama nilivyoonyesha katika makala yangu iliyopita", watu wanajianika wenyewe.

Mtoa mada, Kampala
Mwalimu nimekusikia kwenye Burgess, ile sehemu naiandika upya. Sharti bado nalipinga. Tasnifu yenyewe inasomwa na watahini, mpaka wa nje ya chuo, wanakuhoji uso kwa uso, sasa wakiridhika kwa nini joho langu likae mikononi mwa mhakiki wa Ohio ambaye hajui hata kama anangojwa? Basi wapokee barua ya jarida mtu atetee tasnifu yake, kuchapishwa kutafuata.

Mwalimu, Mbarara
Barua ya "rekebisha utume tena" pamoja na maoni ya wahakiki, hiyo mimi naipitisha hata kesho. Ile ya "tumepokea makala yako" usiniletee, hiyo inatumwa na mashine.