DT175 ya mzee: konrodi mpya imezidi urefu, fundi anasema tuongeze gasketi. Naombeni ushauri

Kijana wa Uluguru:
Wakuu habari za jioni, wazee wetu shikamooni. Nina Yamaha DT175 aliyoniachia mzee, alikuwa bwana shamba huku Morogoro, milima yote kaipanda nayo mpaka akastaafu ikalala stoo. Nikaifufua ikatembea safi tu, halafu ikaanza kugonga chini, ukiachia mafuta ukishika tena unasikia ko ko ko, nikaizima hapohapo nikakodi guta mpaka home. Tumeshusha injini, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ukiivuta juu chini inacheza. Krenki (shafti inayozungushwa na konrodi) imefunguliwa, tundu la chini la konrodi limekuwa la bluu, beringi imechunika na ndani kulikuwa na unga wa chuma unang'aa kama glita.

Orijino imenishinda bei nikaagiza kiti (seti) ya kopi, imekuja konrodi, pini, beringi na washa (pete bapa) mbili, muuzaji anasema ni ya DT175. Sasa nimezilaza mbili pamoja nikapitisha pini moja kwenye matundu ya chini, kule juu matundu hayaonani, mpya imezidi kama mm 2 hivi. Fundi anasema mm 2 si kitu, tutaweka gasketi mbili za kichwa mambo yaende, na pini atairudisha kwa nyundo na kipande cha mbao maana presi (mashine ya kukandamiza) hana. Mimi roho inasita. Nifunge au nirudishe? Mwenye uzoefu na tustroki (injini zinazochoma oili pamoja na petroli) za zamani anisaidie.

Toka Songea:
Uza chuma chakavu mkuu nunua Boksa, tustroki zimepitwa na wakati na oili zinakunywa kama nini.

Kijana wa Uluguru:
Boksa ninayo mkuu ndo inanilisha. Hii siuzi.

Mchonga Vyuma:
Kijana marahaba. Usifunge hiyo. Mimi niko Gerezani ya Dar, krenki za tustroki ndizo zimenisomeshea watoto.

Anza na hizo mm 2. Konrodi ikizidi mm 2 basi pistoni inakuwa juu zaidi kwa mm 2 kila mahali, ikifika juu, ikifika chini, na katikati pia. Ukiweka gasketi mbili za kichwa (kama mbili zinafika mm 2, mimi nina wasiwasi) umeokoa kichwa kisigongwe, basi. Porti (matundu ya ukutani) za silinda hazijasogea. Pistoni ikishuka mwisho haifiki chini inavyotakiwa, ule mdomo wa chini wa porti za kupitisha mchanganyiko wa petroli na hewa unabaki umezibwa, na porti ya moshi itachelewa kufunguka na kuwahi kufunga. Pikipiki itawaka, tena utafurahi, ila mlimani haivuti, na wewe unaishi milimani.

Kama mtu ameamua kutumia konrodi ndefu kwa makusudi huwa anainua silinda yenyewe, anaweka sahani chini ya silinda yenye unene uleule uliozidi, kila kitu kinarudi mahali pake. Wanaozichezea za mashindano wanafanya hivyo, Yamaha Banshee za konrodi ya 110 wanaziwekea 115. Lakini hao wamepanga, wewe umeuziwa kitu kisicho chako. Rudisha.

Mwana wa Kirinyaga Road:
Boss salama, hapa Nairobi hii kesi naionanga sana. DT175 ni jina tu, ilianza miaka ya 70 wakaitengeneza miaka mingi, kuna zile za shoki mbili nyuma na za shoki moja, na si kila spea ya hii inaingia kwa ile. Muuzaji akikwambia "ya DT175" bado hajakwambia kitu. Angalia ubavu wa konrodi ya zamani, safisha na petroli, ukipata alama imegongwa mpigie picha umtumie pamoja na namba ya fremu. Na kabla ulipe tena muulize vipimo: katikati ya tundu mpaka katikati ya tundu, kipenyo cha pini ya krenki, urefu wa pini, kipenyo cha tundu la juu, na upana wa kichwa cha chini. Asipojua hizo songa kwa duka ingine.

Kijana wa Uluguru:
Nimepima na vernia leo. Matundu yote mawili vipenyo sawa na ya zamani, upana sawa, pini sawa. Urefu tu ndo umezidi, 2 kamili. Muuzaji kakubali kubadilisha ila nauli juu yangu. Vipi kuhusu nyundo, huku wengi ndo wanavyofanya?

Nyundo na Mbao:
Tusidanganyane, vijijini huku tunapiga nyundo tangu enzi za Suzuki A100 na pikipiki zinatembea. Presi utaipata wapi porini? Unagonga taratibu, unaweka rula kwenye mapipa mawili (visahani vizito vya krenki) ukiona mstari mmoja unafunga. Halafu unapiga weldingi kidogo kwenye pini isicheze.

Mchonga Vyuma:
Nyundo na Mbao, kutembea zinatembea, swali zinarudi lini mezani. Rula hainyooshi krenki. Kwa Yamaha hizi ukiizungusha kwenye senta (ncha mbili za kuishikilia) na geji ya mshale ikisomwa pale zinapokaa beringi, mwisho ni 0.03 mm, sasa hapo jicho lako litaona nini? Ikizidi hapo inatetemesha injini, inakula beringi kubwa, inakula sili (mipira ya kuziba krenki), na sili ikila hewa mchanganyiko unakuwa mkavu, petroli kidogo hewa nyingi, pistoni inanata. Nyundo naitumia hata mimi, ila ya shaba, na ni kunyoosha baada ya presi, napiga pipa huku geji iko palepale inanionyesha. Kuingiza pini ni presi, ya tani 20 inatosha.

Weldingi ni pale ambapo tundu la pipa limeshalegea, na hapo wa kumlaumu ni aliyeipigapiga mwanzo. Kijana, wakifungua tena waambie wapige mstari mmoja wa msumari kupita mapipa yote mawili kabla ya kukamua, na wapime upana wa nje kwa nje. Wakirudisha upana uwe uleule. Wakibana sana washa hazina nafasi, konrodi inaungua upya.

Bi Spea:
Mdogo wangu, wote wanakujibu konrodi, hamna aliyekuuliza ile ya kwanza ilikufa kwa nini. Bluu maana yake ilipata joto, na joto hapo chini ni njaa ya oili. Pampu ya oili bado ipo au mnachanganya kwenye tenki?

Kijana wa Uluguru:
Pampu ipo dada. Nilipoifufua nilibadilisha mpira wa oili, ule wa zamani ulikuwa umekauka umepasuka. Fundi aliufunga tukawasha.

Bi Spea:
Na hewa mliitoa? Ukibadilisha mpira hewa inabaki ndani, pampu inazunguka inasukuma upepo. Kuna skurubu ndogo ubavuni mwa pampu, unafungua unaacha oili ishuke mpaka isitoe povu hata moja, ndo unafunga. Na kwa tenki la kwanza changanya na oili kwenye petroli vilevile hata kama pampu ni nzima, itatoa moshi majirani watasema, waache waseme.

Lingine sili za krenki zote mbili weka mpya. Ya upande wa sumaku ikivujisha inavuta hewa, ya upande wa klachi inavuta oili ya gia utaona moshi mweupe hauishi. Ukishafunga, ziba tundu la kabureta na la ekzosi kwa mpira, tia upepo kidogo uone kama unakaa. Mimi natumia kile kipimo cha presha cha hospitali, najaza mpaka 250 naondoka nakunywa chai. Mshale ukiwa umeshuka napaka maji ya sabuni natafuta povu.

Mwana wa Kirinyaga Road:
Hiyo ya kipimo cha presha nimeiba mama, asante.

Nyundo na Mbao:
Hewa kwenye pampu hapo nakubali. Nyundo bado.

Kijana wa Uluguru:
Dada nimemuuliza fundi, anasema hiyo skurubu hajawahi kuigusa. Konrodi imerudi kwa muuzaji leo na basi la saa nne. Mzee Gerezani, ikija ya saizi yake nakuletea krenki na kiti pamoja. Nije na beringi kubwa pia?

Mchonga Vyuma:
Njoo nazo, ile unga wa chuma imeshapita humo. Angalia maandishi ya zamani, kama zimeandikwa C3 (zenye nafasi kubwa zaidi ndani) usikubali za kawaida. Na uje na konrodi ya zamani, usiitupe, ndiyo nitakayopimia.