Tupeane uzoefu: Bei za gitaa la besi zimepaa, pesa yako iende wapi?

NyuziNne
Wakuu, habari za muda huu. Besi ileile, rangi ileile, lakini bei imeruka. Naomba uzi huu tuufanye wa kazi: kila mdau aweke anachokijua, kwa vipimo. Kipi kinastahili pesa, kipi ni urembo, kipi huharibika na kwa nini. Zile za "ya kwangu inalia vizuri" tuziweke kiporo.

Nianze na chanzo cha bei, maana wengi wanasingizia tamaa ya viwanda peke yake. Tarehe 2 Januari 2017 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliweka jamii yote ya Dalbergia chini ya vibali. Hiyo ndiyo jamii ya rosewood inayowekwa kwenye fretibodi (ubao wa mbele ya shingo unapobonyezea nyuzi), na mpingo wetu umo humohumo. Viwanda vikakimbilia mbao nyingine, pau ferro na laurel ya India. Ala zilizokwisha kutengenezwa zilisamehewa Novemba 2019, lakini besi nyingi za bei ya chini zimebaki na laurel mpaka leo. Kuna pia yule mdudu anayetoboa miti ya ash, aliyegundulika Marekani mwaka 2002. Ameua miti mingi kiasi kwamba mwaka 2020 Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, walitangaza kuipunguza ash kwenye magitaa yao ya kawaida. Halafu ikaja korona: watu wakajifungia ndani wakanunua magitaa, na kontena za meli zikapanda bei wakati huohuo.

Katika hayo yote hakuna hata moja linalobadilisha unavyopiga. Laurel na rosewood ukifumba macho hutazitofautisha. Kwa hiyo anayelipa zaidi kwa sababu ya jina la mbao ajue analipia macho.

ShingoKwanza
Mkuu umefungua vizuri. Mimi nasimama kwenye jambo moja: kwenye besi unanunua shingo. Pikapu (sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi) zinabadilishwa, funguo za kukazia nyuzi zinabadilishwa, daraja (kishikio cha nyuzi upande wa mwilini) linafunguliwa kwa skrubu chache. Shingo mbovu ndiyo inayokula pesa.

Ukiwa dukani au kwa mwenye besi iliyotumika, fanya hivi. Kwanza tuni besi sawasawa, maana shingo isiyo na mvutano wa nyuzi inadanganya. Kisha lenga jicho kutoka upande wa daraja kuelekea kichwani, kama fundi anavyokagua ubao. Ukiona upande wa uzi wa E (mnene) umepinda tofauti na upande wa G (mwembamba), shingo imejisokota. Hapo rudisha, hata ikiuzwa nusu bei. Fimbo ya chuma iliyo ndani hunyoosha upinde wa mbele na nyuma tu, msokoto haiuwezi.

Baada ya hapo pima upinde. Weka kapo (kibanio cha nyuzi) freti ya 1, yaani kwenye kipande cha kwanza cha chuma kilicholala shingoni, bonyeza uzi wa E pale shingo inapokutana na bodi, mwili wa besi (karibu freti ya 17), halafu pitisha fila geji (bapa la chuma la kupimia nafasi) kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Inatakiwa 0.25 hadi 0.35 mm. Ikizidi, kaza fimbo robo mzunguko, tuni tena, subiri, pima tena. Kama huna fila geji, karatasi ya kawaida ina unene wa karibu 0.1 mm, kwa hiyo tatu zikipita bila kuinua uzi, uko pazuri.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalisemi: omba fimbo ijaribiwe kabla hujatoa pesa. Nati yake ikiwa imekazwa hadi mwisho na upinde bado upo, hiyo fimbo imekwisha kazi. Kuna mafundi huongeza washa (pete ya chuma) chini ya nati ili ipate nafasi ya kuvuta tena, na inafanya kazi pale tatizo lilipokuwa nyuzi za skrubu kufika mwisho. Fimbo ikikatika ndani, dawa ni kubandua fretibodi, na kwa besi ya bei ya chini gharama hiyo hailipi.

Angalia pia mwisho wa shingo, freti ya 15 kwenda juu. Zipo shingo ambazo sehemu hiyo imeinuka. Dalili yake: noti za chini safi, lakini kuanzia freti ya 12 nyuzi zinachakacha, na ukiinua daraja unaishia na nyuzi zilizo juu mno. Tiba yake ni kushusha freti za juu kwa msasa uliogundishwa kwenye ubao ulionyooka, halafu kuzirudishia umbo la duara na kuzing'arisha. Hiyo ni kazi ya fundi, na bei yake uitoe kwenye maelewano.

Kimya_Kimya
Kuongezea hapo: noti mfu. Piga uzi wa G freti ya 4 hadi ya 9, moja moja, uache ilie yenyewe. Kwenye shingo za kufungwa kwa skrubu, noti ya freti ya 5, ya 6 au ya 7 mara nyingi hufa haraka kuliko jirani zake, kwa sababu shingo yenyewe inanyonya mtetemo huo. Hata besi ghali zinazo. Nyuzi mpya haziiondoi. Kubandika kitu kizito kichwani huihamishia kwenye noti nyingine, basi. Linganisha besi mbili tatu za aina ileile dukani, chukua ambayo noti mfu yake imeangukia mahali usipopapiga sana. Jaribio hili halikugharimu kitu.

FundiLehemu
Upande wa umeme niwape ukweli: hapa ndipo viwanda hubana matumizi kwa besi za bei ya chini, na hapa ndipo unapoweza kurekebisha kwa pesa kidogo.

Besi isiyo na betri ina vitu vichache sana. Kwa besi mbili maarufu za Fender, Precision ina poti mbili (vipunguza sauti vilivyo chini ya vitasa), Jazz ina tatu, kwa kawaida zote za kilo-omu 250, pamoja na kapasita moja ya mikrofaradi 0.047 kwenye toni na tundu la jeki. Poti ikichakacha usikimbilie kununua. Nyunyiza dawa ya kusafisha viunganishi ndani ya poti, izungushe mwanzo mpaka mwisho mara ishirini hivi. Ikirudi kuchakacha baada ya wiki, badilisha.

Kabla ya kumwamini anayesema "pikapu ni nzima", chomeka waya kwenye besi, fungua volyumu yote, weka mita kwenye ncha na shina la plagi upande wa pili. Jazz, kila pikapu peke yake (volyumu ya nyingine ukiwa umeifunga), husoma kilo-omu 7 hadi 8. Precision 10 hadi 11. Ikisoma juu mno, karibu na thamani ya poti, koili imekatika au waya umeachia lehemu. Kipimo hiki ni kwa besi isiyo na betri tu. Yenye betri utakuwa unapima saketi, si pikapu.

Mvumo nao una sababu zake. Ukigusa nyuzi mvumo ukapungua, waya wa ardhi uko sawa, ila vyumba vya ndani havina kinga. Utepe wa shaba wenye gundi, uliounganishwa na ardhi, unatosha. Usipopungua, pima kutoka daraja hadi shina la jeki: inatakiwa chini ya omu 1. Mita isiposoma muunganisho wowote, waya ulio chini ya daraja umetoka. Legeza skrubu za daraja, chubua waya, mpaka kwenye chuma tupu, rudishia. Na kwa Jazz, mvumo ukiwepo unapotumia pikapu moja kisha ukaisha ukifungua zote mbili, huo si ubovu. Ndivyo ilivyoundwa. Precision ya kuanzia 1957 ina pikapu iliyogawanywa nusu mbili, ndiyo maana haina tatizo hilo.

Jeki iliyolegea: watu wanakaza nati ya nje bila kushika jeki kwa ndani. Jeki inazunguka, waya unajisokota, unakatika. Fungua kifuniko, shika, ndipo ukaze.

Mdau_Mpya
Asanteni wakuu. Bajeti ndogo, naona nyingine zina betri na vitasa vinne vitano, nyingine vitasa viwili. Ipi ina thamani zaidi?

FundiLehemu
Karibu mdau. Kwa bajeti ndogo, isiyo na betri. Wingi wa vitasa usikutie tamaa. Saketi za bei rahisi hutoa sauti ya "shhh" ukipandisha treble, na betri ya volti 9 ikichoka sauti inaanza kukwaruza noti nzito kwanza, mtu akadhani spika imepasuka. Ukiipenda yenye betri, hakikisha ina swichi ya kuizima saketi, kama Yamaha TRBX505 ilivyo. Bila swichi hiyo, saketi ikifa jukwaani umebaki na ubao mkononi. Na uchomoe waya ukimaliza kupiga: plagi ndiyo inayowasha betri, hata volyumu ikiwa sifuri.

BesiNzito
Mimi napinga kidogo msimamo wa mtoa mada. Jina la mbao halisikiki, sawa, lakini uzito unausikia begani. Besi ya kilo 4.5 na saa tatu za ibada au harusi ni adhabu. Ivae kwa mkanda, uachie mikono. Kichwa kikiporomoka kuelekea sakafuni, mkono wa kushoto utakuwa unabeba badala ya kupiga. Funguo nyepesi husaidia, ila ni gharama ambayo ungeikwepa kwa kuchagua vizuri.

Kuhusu mpya au iliyotumika: ukishazihakiki freti na fimbo, iliyotumika inashinda karibu kila mara, kwa sababu hasara ya kwanza imebebwa na mwenzio. Tazama mifereji chini ya nyuzi kwenye freti za 1 hadi 5. Ikionekana kidogo, kusawazisha kunatosha. Freti zikiwa zimebaki chini ya nusu milimita, hesabu kubadilisha zote, na hiyo hula sehemu kubwa ya bei ya besi ya chini. Usimlipe muuzaji kwa pikapu alizobadilisha. Dai za asili ziwe kwenye mfuko. Nawe ukibadilisha, tunza za zamani.

Magitaa ya Squier, jina la bei nafuu la Fender, yalianza kutengenezwa 1982 Japani, baadaye kazi ikaenda Korea, kisha China na Indonesia. Shingo zinakatwa kwa mashine za kompyuta, vipimo havitofautiani sana na vya ndugu zake wa bei kubwa. Tofauti kubwa ni umaliziaji: kingo za freti, kidaraja cha kichwani (kipande chenye mifereji ya nyuzi), funguo. Mbao ikikauka, ncha za freti hutokeza pembeni na kukwaruza kiganja. Faili dogo na msasa laini vinamaliza, ila funika mbao kwa utepe kwanza.

ShingoKwanza
Umenikumbusha kidaraja cha kichwani. Bonyeza uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, tazama nafasi juu ya freti ya 1. Karatasi moja au mbili zipite. Nafasi ikiwa kubwa kuliko hapo, noti ya freti ya 1 itapanda juu ya tuni na vidole vitauma, na mwanafunzi atadhani besi si fani yake. Viwanda huacha kimo kikubwa makusudi, maana kukata ni rahisi kuliko kurudishia.

Mpangilio wa setapu usibadilishwe: tuni, upinde, kimo cha nyuzi, usahihi wa noti, mwisho pikapu. Kimo pale freti ya 17: 2.4 mm uzi wa E, 2.0 mm uzi wa G. Kwa usahihi, linganisha noti ya freti ya 12 na hamoniki yake (uzi ukiguswa tu bila kubonyezwa) kwenye tuna, kifaa cha kupimia noti. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha kibebeo cha uzi nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Pikapu, ukibonyeza freti ya mwisho, ziwe karibu 3.2 mm kutoka uzi wa E na 2.4 mm kutoka G. Zikikaribia zaidi, sumaku inavuta uzi na noti inayumba.

DadaWaLowB
Nyuzi ndizo zinazobadilisha sauti kwa pesa ndogo kuliko pikapu yoyote. Seti ya 45 hadi 105 ni ya kawaida kwa besi ya inchi 34. Kosa linaloharibu seti mpya: kukata uzi kabla ya kuukunja. Pima, acha karibu sentimita 10 kupita nguzo ya ufunguo, kunja pembe mraba, ndipo ukate baada ya kona. Ukikata ulionyooka, waya wa nje unaachia kiini na uzi unakufa siku ya kwanza.

Zilizochoka za kawaida (zilizozungushiwa waya wa duara) zinachemshwa dakika kumi, unazifuta, unazikausha kabisa. Uhai unarudi kwa muda mfupi tu. Zilizozungushiwa waya bapa hudumu miaka. James Jamerson, mpiga besi wa Motown, alisifika kwa kutozibadilisha.

Mnaotaka B ya chini, msiuze besi ya nyuzi nne. Nunueni seti ya nyuzi tano, acheni G, fungeni B E A D. B ya 130 haitaingia kwenye mfereji wa E, kwa hiyo kidaraja cha kichwani lazima kitanuliwe. Hakikisheni kwanza tundu la nguzo linaupokea unene huo, na mpime upinde upya, mvutano utakuwa umebadilika.

Mdau_Mpya
Na kama ninayo spika ya gitaa la kawaida nyumbani, nianzie nayo?

FundiLehemu
Kwa sauti ya chini chumbani, sawa. Ukiipandisha, uzi wa E unasukuma koni kupita inakoweza kufika na inaweza kuchanika. Bora kiolesura kidogo cha sauti (kifaa cha kuunganisha besi na kompyuta) na hedifoni. Ukifika wakati wa kununua amplifaya, soma nyuma yake kiwango cha chini cha omu: spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba ni omu 4, na amplifaya iliyoandikwa 8 kama kiwango chake cha chini haitakiwi kubeba hizo mbili.